Nani Ameshaangalia?

Tulimwita Mhakiki kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya, na kwa sababu hakuna kati yetu aliyethubutu kumwita kwa jina lake kavu. Wengine waliongeza Mama mbele. Yeye mimi aliniita Bi Haraka tangu wiki ya kwanza, na akikasirika r ilimkimbia kabisa, nikawa Bi Halaka. Ukisikia Bi Halaka ofisini ujue kuna karatasi inarudi mezani kwako.

Niseme mapema kwamba mwanzoni sikumpenda. Mimi nina haraka, nimezaliwa nayo, hata sasa ninavyoandika haya nimeshainuka mara mbili, ya kwanza kuangalia chai, ya pili sijui nilifuata nini. Mtu wa namna yangu ukimweka kando ya mama anayesoma mstari mmoja kwa robo saa, huku kidole kiko chini ya neno na midomo inacheza, unamtesa. Nilikuwa natikisa mguu. Yeye hakuinua hata macho. "Mguu huo unatikisa meza," alisema, "na meza inatikisa macho yangu. Utuache tusome."

Na hili pia niliseme hapa hapa, lisije likanikaa kooni mpaka mwisho. Nilimdanganya. Mara moja tu, kwa maneno matatu, siku ya Ijumaa asubuhi. Maneno hayo yalimtoa kwenye kiti chake, na kiti hicho ndicho ninachokikalia leo. Nilikaa nalo miaka minne nikijua njia ya kwenda kwake, nauli ninayo, na siendi.

Ofisi yetu iko Nyamagana, ghorofa ya pili ya nyumba iliyoegemea jiwe kubwa, na kuifikia unapanda ngazi za saruji hadi pumzi inakata. Tunatengeneza visanduku vya kufunga kwenye boti za abiria zinazokwenda visiwa vya ziwani. Kisanduku kinatuma habari ya mahali boti ilipo, na kwenye skrini yetu boti inaonekana kama nukta ya kijani. Ndani ya kisanduku kuna kompyuta ndogo kuliko kiberiti, inayoendeshwa na mfumo endeshi wa bure tuliouchukua na kuupunguza wenyewe mpaka ukaenea humo.

Mhakiki alishika sehemu moja tu ya mfumo huo, ile inayogawa kumbukumbu. Nitaeleza kwa kifupi, maana bila hivyo hutamwelewa. Programu yoyote ikitaka mahali pa kuandika, inaomba ukurasa. Ikimaliza inaurudisha, ipewe nyingine. Ni daftari moja linalotumiwa na darasa zima. Sasa mtu akija kurudisha mikono mitupu na kudai amerudisha ukurasa, hesabu ya daftari inavurugika na kompyuta nzima inasimama. Kwa hiyo walioandika mfumo ule waliweka ukaguzi kila kona: kama ulichoniletea ni kitupu, nisiendelee. Anayeleta anakagua kabla ya kuleta, anayepokea anakagua tena, na katikati yupo mwingine aliyekagua kwa sababu siku hiyo aliamka na wasiwasi. Kazi ya Mhakiki ilikuwa kuondoa ukaguzi uliozidi.

Ndiyo, kuondoa. Baba yangu mdogo kule Misungwi, nilipomweleza hivyo mbele ya chakula, alisimamisha tonge hewani. "Yaani mnalipwa kutoa ulinzi?" Nikamwambia ni ulinzi uliozidi, baba. Akasema ulinzi hauzidigi, akala.

Nilimpelekea Mhakiki swali hilo hilo kesho yake. Nilidhani ataniambia habari za betri, maana kila mstari unakula umeme kidogo, na kile kipande cha programu kinachopokea kurasa zilizorudishwa kinaitwa kazini mara maelfu kwa dakika. Akasema, "Betri ni ya kumwambia Mkurugenzi. Yangu mimi ni nyingine. Mstari usio na kazi ni mwongo. Unamwambia msomaji hapa pana hatari, na hatari haipo. Anadanganywa mara ya kwanza, mara ya pili, ya kumi anazoea. Halafu siku akikuta mstari unaosema kweli, anauruka." Kisha akaniuliza kama nimemaliza kazi ya jana. Sikuwa nimemaliza.

Kwa kila ukaguzi uliotaka kuufuta, Mhakiki alikuwa na swali lake moja: "Nani ameshaangalia?" Ulitakiwa umtaje. Faili fulani, mstari wa ngapi, huyu hapa ameangalia kabla. Ukisema "nadhani" alikurudishia karatasi bila maneno. Ukisema "labda" alikuuliza labda ni mtoto wa nani, anakaa mtaa gani. Kijana wa redio wa ofisini kwetu, mtu mzima mwenye watoto wawili, aliwahi kusema "kawaida huwa haiwi tupu", na kwa mwezi mzima mama yule alimsalimia, "Habari za kawaida?"

Na ukishamtaja aliyeangalia, haikuishia hapo. Alichapisha kurasa zote zinazohusika, akanoa penseli, na kusoma upya kila sehemu uliyodai umeisoma. Wewe umesoma, yeye anasoma nyuma yako. Akiridhika ndipo aliposhika biro nyekundu, akaukata ule mstari kwa mkato mmoja ulionyooka, akasaini pembeni, akafungua droo na kutoa matobolwa. Moja lako, moja lake. Alikuwa na mfuko wa viazi vile vilivyochemshwa na kukaushwa, vigumu kama kokoto, na hakuna aliyekula tobolwa la Mhakiki bila mstari kufutwa. Mkurugenzi mwenyewe aliomba siku moja akanyimwa.

Alipenda kusimulia alivyoaibika harusini. Alikuwa kwenye kamati, na mlangoni pa ukumbi wakawekwa watu wawili wa kuangalia kadi, mmoja nje na mwingine hatua tatu ndani. Mama yetu alipoona akasema huyu wa ndani anafanya nini, kadi si zimeshaangaliwa? Akamwambia nenda kakae ule. Kumbe yule wa nje alikuwa na simu isiyoisha, kila ikiita anasogea kwenye maegesho kusikiliza, na mtaa mzima ukaingia. Chakula kikaisha kabla ya meza ya wakwe. "Wakwe, wewe!" alisema huku anajipiga paja. "Nilisimama mlangoni mwenyewe mpaka mwisho, na sikula." Halafu akageukia karatasi zetu. "Kabla hujamtoa wa pili, muulize wa kwanza kama anaondokaga."

Nilisikia hadithi ile labda mara sita. Nilicheka zote sita, na sikuisikia hata moja.

Sokoni alinunua sato kwa mama mmoja tu, bila kufunua shavu la samaki wala kubonyeza jicho, anapokea mfuko anaondoka. Nilimuuliza haoni anaweza kupewa waliolala. Akasema yule mama ameshaangalia. Sasa mama yangu alipolazwa, Mhakiki huyo huyo alikuja wodini kila mchana na uji kwenye chupa, siku tisa mfululizo, na kila siku alimuuliza muuguzi nani ameshampa dawa, saa ngapi, ameandika wapi. Muuguzi wa watu akimwona tu anaingia alianza kujieleza kabla ya salamu. Mama yangu alicheka mpaka kidonda kikamuuma. Nilianza kumpenda Mhakiki siku hizo tisa, na sikumwambia.

Lakini kituko chake kikubwa kilikuwa kufuli. Droo yake ya matobolwa na biro aliifunga kwa kufuli dogo la shaba. Kila jioni anafunga, anachukua mkoba, anaaga, anashuka ngazi zote, anamsalimia mlinzi kwa Kisukuma, anatoka getini. Unahesabu. Kabla hujafika ishirini unamsikia anapanda tena, anahema. Anaingia, analivuta kufuli mara mbili, ka, ka, anatoka. Kila siku ya Mungu. Tulimwambia Mama, limefungwa, tumekuona. Kijana wa redio alijitolea awe anamthibitishia kwa sauti. Haikusaidia, alipanda.

"Sasa Mama," nilimwambia siku moja, "wewe unayefuta ukaguzi wa watu kutwa nzima!"

"Wale nawajua," alisema. "Nimesoma walichokiandika. Hili limefungwa na mimi, na mimi najijua."

Tulicheka sana. Sijawahi kulikuta kufuli lile wazi, wala mtu mwingine pale ofisini hajawahi.

Sasa nije kwenye ile Ijumaa. Binamu yangu alikuwa anaagwa Misungwi kabla ya harusi yake, na mimi ndiye niliyebeba sare za akina mama kumi, zimo kwenye mfuko chini ya meza, na simu inaita kila dakika: uko wapi, akina mama wanasubiri. Mezani nilikuwa na ufutaji wangu mkubwa wa kwanza. Ule mstari wa kwanza kabisa wa kipande kinachopokea kurasa: kama ulichoniletea ni kitupu, rudi. Sehemu kumi na mbili za mfumo zinakiita kipande hicho. Kama zote kumi na mbili zinakagua kabla ya kuita, mstari ule ni mzigo. Nilikuwa nimezisoma kumi na moja, na zote zilikuwa safi.

Ya kumi na mbili ilikuwa kwenye faili la modemu ya zamani, ile inayotafuta mtandao wa simu. Niliona jina la faili kwenye orodha. Nikajiambia modemu hizo hatuzinunui tena. Ilikuwa kweli hatuzinunui. Zilizonunuliwa zamani zilikuwa bado zinaning'inia kwenye boti, na hilo nililijua pia, ila nilikuwa nimeshaufunga mkoba.

"Zinazoita ni ngapi?" aliuliza Mhakiki.

"Kumi na mbili."

"Umezisoma?"

"Nimezisoma zote, Mama."

Alizichukua karatasi, akanoa penseli. Nikasema moyoni haya, hapa nimekwisha, saa nzima nyingine. Halafu akaiweka penseli chini. Aliniangalia namna ambayo hakuwahi kuniangalia, kama mtu anayemtazama mwanawe amevaa suti.

"Miaka miwili nasoma nyuma yako," alisema. "Mara ya mwisho kukuta kosa ni lini? Mwaka jana? Wewe umeangalia, halafu mimi tena naangalia. Sasa hapa aliyezidi si ni mimi?" Akacheka mwenyewe, akakata mstari kwa biro nyekundu, akasaini, akafungua droo.

Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wazi, ungehitaji neno moja tu. Nilipokea tobolwa, nikalitafuna nikiwa nashuka ngazi na sare begani.

Wiki tatu baadaye, mfumo mpya ukiwa umeingizwa kwenye boti jana yake, Jumanne saa nne asubuhi, nukta moja ilisimama. Mkurugenzi alisema ni mtandao, katikati ya ziwa unapoteaga, utarudi. Hiyo ni kweli, na ndiyo iliyotuua. Mtandao ukipotea, modemu ya zamani hujizima na kujiwasha upya, na katika kujiwasha inarudisha kurasa zote, hata ambazo haikuwahi kupewa. Mikono mitupu. Ofisini mtandao haupotei, ndiyo maana majaribio yetu yote yalipita.

Simu ya nahodha haikupatikana. Ya mwenye boti ilipatikana, na yeye ndiye aliyekuwa anatuuliza sisi boti yake iko wapi. Siku hiyo ziwa lilikuwa na upepo. Saa tano mke wa nahodha akapanda ngazi zetu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kanga mbili, akakaa kwenye benchi la wageni na mkoba magotini. Hakulia wala hakugombana. Kila mmoja wetu alipoinuka, yeye aliinua uso na kuuliza, "Bado?" Nami, mtu wa kuinuka inuka, nilijikuta nimebana kwenye kiti nisiinuke, nisiulizwe.

Saa sita nililifungua lile faili. Kipande kinachohusika kina mistari minne, ungeisoma ukiwa umesimama. Hakuna aliyekagua. Nilisoma mara mbili, nikalifunga haraka, nikafungua kitu kingine chochote.

Saa kumi simu ikaita. Boti ya wanunuzi wa sangara iliwakuta wanaelea, magugu maji yamejisokota kwenye panga la injini, upepo unawasukuma watakako wao na wasikotaka. Waliwavuta mpaka nchi kavu, wote wazima, wengine wametapika. Mke wa nahodha alisimama, akajifunga kanga vizuri, akatutazama mmoja mmoja. "Asanteni," alisema. Nilikwenda chooni nikafungulia maji ili nisisikike.

Kesho yake kikao. Mkurugenzi aliweka ile karatasi yenye mkato mwekundu katikati ya meza. "Nani aliziangalia hizi kumi na mbili?"

"Saini ni yangu," alisema Mhakiki. "Sikuzisoma."

"Wewe? Hukusoma?"

"Sikusoma."

Basi. Hakuongeza kwamba aliambiwa zimesomwa. Alikaa wima, mikono juu ya meza, na kikao kizima kikasubiri, na mimi nikatazama viatu vyangu. Viatu vyenyewe vilikuwa vya ile send-off ya binamu, vina vumbi la Misungwi bado. Mkurugenzi akahamia ajenda nyingine.

Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuendelea. Aliondoa mfuko wa matobolwa, akaondoa kufuli, droo akaiacha wazi. Biro nyekundu aliiweka kwenye meza yangu, akasema tu, "Haya." Jioni ile tulisubiri bila kujua tunasubiri nini, mpaka kijana wa redio akasema, "Hapandi tena, jamani." Nilikuwa nimeshaurudisha ule mstari wa kwanza, na juu yake nimeandika maelezo ya Kiswahili: usiufute, hakuna aliyeangalia. Wiki iliyofuata nikaambiwa nihamie kiti chake.

Mimi sasa ndiye Mhakiki, na siyo mzuri. Sifuti kitu. Watu wananiletea majibu kamili, faili na mstari, nasoma nyuma yao mara moja, mbili, nne, halafu narudisha: tuuache tu. Mfumo umenenepa. Mapema mwaka huu binti mmoja mpya aliniambia, "Nimezisoma zote, dada," na ilikuwa kweli, nilihakikisha kwa siku tatu, na bado sikusaini. Aliniuliza kwa adabu kabisa, "Kwani mimi nimekukosea nini?" Kesho yake nikaomba ruhusa, nikapanda kivuko cha kwenda upande wa Sengerema.

Nilijua ana duka la steshenari jirani na stendi, anapiga fotokopi na kuchapa barua za watu. Njiani nilitunga maneno mazuri, marefu, yana mwanzo na katikati. Nilipofika alikuwa amesimama nyuma ya meza, anakata kingo za karatasi kwa wembe na rula. Nywele zimekuwa nyeupe pembeni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba." Akainua macho. "Bi Haraka. Umechelewa."

Maneno yote ya kwenye kivuko yakapotea. "Mama, ile siku sikuzisoma zote. Moja sikuisoma."

Aliendelea kukata. "Ya modemu ya zamani."

"Ulijua?"

"Siku ile ile, saa sita mchana. Nilikuwa nimesimama nyuma yako ulipofungua lile faili. Nikaisoma begani kwako. Nikakuona unalifunga."

Nilishika meza. Miaka minne nilikuwa nabeba siri, kumbe naibeba mwenyewe. "Sasa kwa nini hukusema?"

Hapo akauweka wembe chini. "Niseme nini? Yangu niliisema. Sikusoma, nikasema sikusoma. Yako ilikuwa ya kusema wewe. Nikakusubiri pale pale ofisini, yule mama yuko kwenye benchi. Nikakusubiri kwenye kikao. Nikakusubiri mwisho wa mwezi, natoa vitu kwenye droo polepole kusudi, upate nafasi. Nimehamia huku, nakusubiri. Miaka minne, Bi Halaka! Kweli miaka minne!"

R ilikuwa imekimbia. Sikuwahi kufikiria kwamba ningefurahi kuisikia ikikimbia. Nikalia vibaya, kwa sauti, mteja mmoja akachungulia akaondoka zake.

"Usinililie kwenye karatasi za mitihani za watu," alisema, akazisogeza. Baada ya muda akatoa mfuko chini ya meza na kuuangalia, akaurudisha. "Hakuna mstari uliofutwa," alisema. "Kunywa chai."

Tulikunywa chai. Aliuliza mama yangu anaendeleaje, na kijana wa redio, na kama bado habari za kawaida. Nilimweleza kuhusu yule binti mpya na siku zangu tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema huyo binti amemtaja aliyeangalia, kwa faili na mstari, sasa mimi nangoja nini. Nikasema naogopa. Akasema, "Hilo siyo jibu la swali langu," akafunga duka tuondoke, kivuko kisije kikaniacha.

Tulikuwa tumefika kwa wauza mahindi ya kuchoma aliposimama. Niliujua ule mkao hata kabla hajageuka.

"Kufuli," alisema.

Magoti yanamsumbua siku hizi, nilikuwa nimemwona anavyoshuka kizingiti. "Kaa hapa, Mama. Naenda mimi." Nikamwekea kiti cha muuza mahindi na nikaondoka mbio, haraka yangu ikiwa na kazi kwa mara ya kwanza.

Lilikuwa lile lile dogo la shaba. Lilining'inia kwenye pete ya mlango na mdomo wake wazi.

Nilisimama mbele ya ule mlango muda mrefu kuliko nilivyowahi kusimama mahali. Nikamwona moyoni amekaa pale kwenye kiti cha watu, mama aliyepanda ngazi kila jioni ya Mungu na kulikuta limefungwa, na leo ameacha wazi. Itamuuma. Atalala anaifikiria. Na mimi nina neno tayari mdomoni, jepesi, la huruma kabisa: limefungwa. Nani atajua? Nikalibana kufuli mpaka likalia, nikalivuta mara moja, nikalivuta tena. Nilirudi natembea.

"Lilikuwa wazi, Mama," nilisema. "Nimelifunga."

Uso wake ulishtuka kidogo. Akaitazama njia ya kurudi dukani, yote, mpaka kwenye kona. Nikajiandaa kumshika mkono twende akaone mwenyewe.

"Umelivuta?"

"Mara mbili."

"Haya." Akainuka, akampa muuza mahindi kiti chake, akanishika mkono, tukaelekea stendi. Nilisubiri ageuke. Mpaka gari langu la kwenda kivukoni linaondoka hakugeuka.